Jinsi ya Kusomea Majalala ya Wahenga

Usiiombe kozi hii kwa kuitaka. Wenye uzoefu huomba Sheria kwanza, Uhasibu huwa wa pili, na nafasi ya mwisho hujaza Akiolojia kwa sababu mfumo wa maombi umegoma kusonga mpaka visanduku vyote vijae. Majina yakitoka, kile kisanduku cha kujazia ndicho kilichokuchagua. Ndivyo wengi walivyoingia katika fani ya kina Leakey: kwa alama za HGL na mtandao uliokuwa unasuasua.

Sasa una likizo nzima ya kujiandaa na kikao cha familia. Swali litakuwa moja, nalo litaulizwa na mjomba aliyekulipia ada ya kidato cha tano: "Ukimaliza hiyo, unakuwa nani?" Usijibu haraka. Ukisema unakwenda kusomea mambo ya kale, shangazi atashika kifua, maana kwake mambo ya kale ni mizimu, na mtoto hakupelekwa shule ili arudi na mizimu. Ukisema mifupa, bibi atauliza ya nani. Ukisema anthropolojia, wote watanyamaza kwa huruma, wakidhani ndicho kilichoonekana kwenye vipimo. Jibu salama ni "urithi na utalii". Neno utalii lina dola ndani yake, na kikao kitaahirishwa.

Lakini yupo ndugu mmoja, na kila ukoo unaye, atakayeuliza habari za mjusi. Mjibu kwa upole. Yule mjusi wa Tendaguru, aliyechimbwa Lindi na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, akabebwa na wapagazi hadi pwani, akaenda kusimamishwa Berlin kwa kimo cha mita 13 na ushee, ni mali ya fani nyingine. Alikufa miaka milioni 150 hivi kabla mwanaakiolojia hajawa na kazi. Kazi yako inaanzia pale kiumbe mmoja alipogonga jiwe kwa jiwe kwa makusudi, akaacha vipande chini, akaenda zake. Tangu hapo ukoo wake haujaacha kutupa vitu chini, na hiyo ndiyo sababu pekee fani yako ipo. Ndugu yako atasikiliza mpaka mwisho, kisha atauliza tena mtamrudisha lini mjusi. Sema mchakato unaendelea.

Ukifika chuoni utakuta ndugu wawili wanaoishi nyumba mbalimbali. Marekani waliwaweka chumba kimoja, akiolojia ikawa tawi la anthropolojia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiolojia inakaa na masomo ya urithi, anthropolojia inakaa na sosholojia, na wanasalimiana kwenye mahafali. Kwa anayesita kuchagua, tofauti ni hii: mwanaakiolojia huwauliza wafu, ambao hawajibu; mwanaanthropolojia huwauliza walio hai, ambao hujibu kile wanachodhani anataka kusikia. Chagua usumbufu unaouweza.

Tuanze na walio hai. Mkubwa wa fani hii ni Bronisław Malinowski, Mpolandi aliyekaa na watu wa visiwa vya Trobriand wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akaifundisha dunia kwamba huwezi kuwajua watu kwa kuwatazama kutoka barazani kwa mmisionari. Lazima ukae nao, ule nao, ugombane nao kwa lugha yao. Wanafunzi wake waliliona jambo hilo kuwa la ajabu. Mtu yeyote aliyepanga chumba Manzese, choo cha pamoja na luku ya kuchangia, amefanya utafiti huo kwa miaka, ila hakuandika. Malinowski aliandika sana, hata ambayo hakukusudia yasomwe: shajara yake ilichapishwa mwaka 1967, yeye akiwa kaburini tangu 1942, ikadhihirika kwamba wale wenyeji aliofundisha watu kuwaheshimu walikuwa wanamkera kupita kiasi. Visome vitabu vyake vyote. Kwenye mtihani usiitaje shajara mpaka uulizwe.

Huyo huyo ndiye aliyemfundisha Jomo Kenyatta katika chuo cha LSE, London, na kumwandikia utangulizi wa kitabu chake juu ya Wagikuyu kilichotoka mwaka 1938. Kitabu kina hoja nzito za ardhi na koo, lakini mwandishi hakusahau soko: kwenye picha yake ya mwanzo amevaa ngozi begani, ameshika mkuki, anajaribu ncha yake kwa kidole. Kumbuka ilikuwa London, na alikuwa na suti. Jifunze hapo. Msomaji wa mbali anataka mkuki. Mpe mkuki kwenye jalada, ndani umpe hoja.

Okot p'Bitek hakuwa na subira hiyo. Alifika Uingereza mwaka 1956 na timu ya mpira ya Uganda, mpira ukaisha, yeye akabaki kusoma. Alipoingia darasa la anthropolojia Oxford, mhadhara wa kwanza tu akasikia watu wake wakiitwa washenzi na makabila ya kikale, akapinga palepale, na mhadhara ukaendelea. Baadaye akaandika kitabu kizima kuonyesha jinsi wasomi wa Magharibi walivyoivisha dini ya Kiafrika nguo wasizozijua wenyewe. Ukitaka kumfuata, fanya hivyo baada ya matokeo ya muhula kutoka.

Mada itakayokutoa jasho ni utani. Ndiyo, utani, huu huu wa Mnyamwezi na Mzaramo, wa Mchaga na Mpare. Utakabidhiwa makala ya Radcliffe-Brown ya mwaka 1940, na nyingine za Reginald Moreau, aliyekuwa mtaalamu wa ndege kule Amani, Usambara, na ambaye katikati ya kuhesabu ndege alipata nafasi ya kuhesabu watani wa Tanganyika nzima. Utasoma kwa Kiingereza, kamusi mkononi, kwamba mtani anaruhusiwa kuzuia maiti isitoke mpaka alipwe, akalala mahali pa jeneza, akamwigiza marehemu mbele ya mjane, na mjane akacheka. Utapigia mstari. Utaandika pembeni "inashangaza".

Sasa mpigie bibi simu. Shikamoo, bibi, marahaba, halafu uliza. Atakueleza yote kabla vocha haijaisha: nani mtani wa nani, ulianzia vitani au kwenye misafara, kiasi gani alichotozwa siku ya msiba wa babu, na ni nani kati ya watani hao alivuka mpaka akaondoka na kuku wawili. Hayo ya kuku hayamo kwa Radcliffe-Brown. Lakini usithubutu kuandika "bibi yangu amesema". Andika "mtoa taarifa, mwanamke, zaidi ya miaka 70, mahojiano kwa njia ya simu". Bibi ni yuleyule, ila sasa ni data, na data haipungui maksi.

Tuwaache walio hai wapumzike. Twende fildi.

Kabla ya shimo kuna barua. Chuo kitakupa barua ya utambulisho kwenda mkoani. Mkoa utaandika kwenda wilayani, wilaya kwa mtendaji wa kata, kata kwa mtendaji wa kijiji, na mwenyekiti wa kijiji atazisoma zote kwa makini, atazikunja, atakuuliza umekuja kufanya nini. Kibali cha kuchimba kutoka Mambo ya Kale kikae juu kabisa, kina muhuri mzuri. Usilalamikie msururu huo. Ndio ule mfumo wa utawala mlioufanyia semina, sasa unaupitia kwa miguu.

Shimo la mwanaakiolojia ni la mraba, mita moja kwa moja au mbili kwa mbili, kuta zimenyooka kama zimekatwa kwa wembe, na huchimbwa kwa mwiko wa fundi mwashi, sentimita kumi kumi. Udongo wote hupita kwenye chekeche. Kila kinachosalia, kigae cha chungu, ushanga, mfupa wa kuku, huingia kwenye kifuko chenye namba, na namba huandikwa mara tatu kwa sababu waliokutangulia waliiandika mara moja. Udongo wenyewe lazima utajwe rangi, na hapo macho yako hayatoshi: kuna kitabu cha Munsell, chenye vipande vya rangi ukurasa baada ya ukurasa, ghali kiasi kwamba mwalimu hukishika mwenyewe. Mtabishana juani, watu wazima sita, kama huu ni 10YR 4/3 au 10YR 4/4. Yote mawili ni kahawia.

Wanakijiji watakuja kutazama. Mwanzo watatazama kwa heshima. Baada ya muda kijana mmoja ataleta sululu na kueleza kwamba shimo la kina hicho yeye hulimaliza kabla ya chai. Mshukuru. Usimpe mwiko.

Kuhusu kupata kitu cha maana, historia ya fani ina maelekezo mawili yaliyothibitika. Kwanza, mkubwa wa msafara augue. Tarehe 17 Julai 1959 Louis Leakey alikuwa amelala kambini Oldupai na homa. Mary, mkewe, akatoka na mbwa wake, akaona meno yanachungulia kwenye mteremko. Ndilo lile fuvu la Zinjanthropus, lenye umri wa miaka milioni 1.75, ambalo leo linahifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Pili, rushianeni mavi ya tembo. Laetoli, mwaka 1976, watafiti walikuwa wanacheza mchezo huo jioni. Andrew Hill akainama kukwepa bonge, akaanguka, na pale chini uso wake ukakutana na nyayo za wanyama zilizoganda kwenye majivu ya volkano. Miaka miwili baadaye zikaonekana, mahali hapo hapo Laetoli, nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita. Kwenye ripoti mchezo huo utauita "uchunguzi wa juu ya ardhi".

Ipo na njia ya tatu, lakini haifundishwi. Mkenya Kamoya Kimeu alianza kazi na kina Leakey mwanzoni mwa miaka ya 1960, kama kibarua. Mwaka 1964 akaliona taya la Peninj, karibu na Ziwa Natron. Mwaka 1984, siku ya mapumziko wenzake wakipumzika, akaenda kutembea ng'ambo ya mto mkavu magharibi mwa Ziwa Turkana, akaona kipande cha fuvu chenye rangi moja na kokoto zilizokizunguka. Ndicho kilichowafikisha kwenye mifupa ya Kijana wa Turkana, karibu mwili mzima. Shahada ilimfikia mwaka 2021, ya heshima, kutoka chuo cha Marekani, akiwa mzee. Wewe utaipata yako mapema zaidi, na utapita juu ya kipande hicho hicho ukiwa unatafuta mtandao.

Mwisho wa msimu mtafanya jambo ambalo hakuna mwenyekiti wa kijiji anayeweza kulieleza kwenye mkutano wa hadhara: mtalifukia shimo. Kazi yote ile, kisha udongo unarudi ulikotoka na mnaondoka na mifuko ya vyungu vilivyovunjika. Hata nyayo za Laetoli zilifukiwa zisiharibike. Ukisafiri kwenda kuona hazina kubwa kuliko zote nchini, kwa sehemu kubwa utaonyeshwa mahali ilipofunikwa.

Na hapo ndipo inapoingia dhahabu ya Mjerumani.

Usimcheke anayeiulizia. Kuna punje ya ukweli: mwaka 1916 Wajerumani, vita vimewabana, waligonga Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Waliposhindwa na kuondoka, watu wakajiuliza swali la busara kabisa, kwamba aliyekimbia amebeba nini na ameacha nini. Tangu hapo kila mkwaruzo juu ya jiwe ni ramani, kila mbuyu wenye alama ni mlango wa benki. Kondoa, ambako michoro ya miambani iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, wapo waliochimba chini ya michoro ya kale kabisa kwa imani kwamba twiga yule mwekundu alichorwa na afisa wa Kijerumani kuonyesha sanduku lilipo.

Sasa ninyi mmekuja na gari la chuo, mna ramani, mna kifaa kinacholia, mmechimba polepole kama wenye hofu ya kuvunja kitu, mmechekecha mchanga, mmefukia, mnaondoka. Jiweke kwenye nafasi ya mwenyekiti. Ukimwambia hamkupata dhahabu, mmeificha. Ukimwambia mmepata vigae, hiyo ni lugha ya siri. Ukifungua kifuko na kumwonyesha kigae chenyewe, wazee watatazamana, mmoja ataguna: basi iliondoka na gari la juzi.

Unaweza kujitetea kwa Kilwa. Waambie mji ule ulinenepa kwa dhahabu ya Sofala, ulijenga Husuni Kubwa, na Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifia. Na wachimbaji wa karne ya ishirini, na vibali vyao vyote, waliokota kwa kiasi kikubwa senti za shaba. Dhahabu hupita. Anayebaki ni mvunjaji wa vyombo. Jalala la jikoni la Kilwa linasema walikula nini, walinunua bakuli za China zamani zipi, na chungu cha nani kilipikia pilau ya nani. Huo ni utetezi mzuri, na hautakusaidia. Lakini usiuache, kwa sababu ni kweli, na kwenye kazi hii ukweli ndio posho inayofika kwa wakati.

Mfano wa Buhaya mimi huupenda zaidi. Katuruka, mkoani Kagera, wazee walikuwa wakisimulia kwamba penye mti mtakatifu wa Kaiija palifuliwa chuma tangu enzi za wafalme wa kale. Mmarekani Peter Schmidt aliwasikiliza, jambo ambalo si la kawaida katika fani, akachimba waliponyooshea kidole, akakuta mabaki ya wafua chuma wa miaka 2,000 hivi iliyopita. Kisha wazee waliowahi kufanya kazi hiyo ujanani, kabla chuma cha dukani hakijawastaafisha, wakajenga tanuru upya, wakapuliza mivukuto, na vipimo vikaonyesha kwamba moto wao ulifika joto ambalo vitabu vya Ulaya havikumtegemea Mwafrika alifikie. Mwaka 1978 habari hiyo ikachapishwa kwenye jarida la Science. Ushahidi mkubwa wa jambo lote hilo ulikuwa mavi ya chuma, ambayo wanakijiji walikuwa wanayaruka kila siku wakienda kuteka maji. Ndiyo maana nakusisitiza: ukiona mtu anaokota takataka kwa heshima, usimpeleke Mirembe kabla hujaangalia kama ana chekeche.

Umri wa vitu hivyo utaupata kwa kaboni, mbinu iliyompa Willard Libby Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Kipande cha mkaa hupelekwa ng'ambo pamoja na dola, na baada ya muda mrefu hurudi namba ya miaka "kabla ya sasa". Usihesabu kuanzia leo. Kwa wanasayansi hawa "sasa" ni mwaka 1950. Kwao Tanganyika bado haijapata Uhuru, na mkopo wako wa Bodi haujaanza kukatwa. Ni ahueni pekee ya kifedha utakayoipata ndani ya fani hii, itumie.

Baada ya hapo ni kuhitimu, jambo lisilo na mengi ya kuelezea. Utapiga picha na joho, utaingia kwenye mfumo wa ajira wa serikali, utatafuta kada yako kwenye orodha, utaikuta kati ya mbili ambazo watu huzisoma kwa pamoja. Usikate tamaa: kila barabara kubwa na kila bomba linapopita, sheria za mazingira hutaka mtu atembee mbele ya greda akiangalia chini. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na mtu aliyesomea kutembea ameinama ana nafasi yake humo. Wengine huongoza watalii, wengine hurudi kufundisha historia kidato cha pili, na wachache wenye bahati hulipwa kuendelea kubishana kuhusu kahawia.

Wewe utarudi nyumbani kusubiri. Na siku moja mjomba, yule yule wa ada, ataleta fundi achimbe shimo la choo nyuma ya nyumba. Kina cha futi nne fundi atarusha juu udongo mweusi, na ndani yake utaona vigae vyenye mistari iliyochorwa pembetatu pembetatu shingoni, mtindo wa pwani wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Utajua umeona nini. Utajua pia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na kumtaka anayevikuta atoe taarifa. Fundi hulipwa kwa futi. Mjomba amekaa kwenye kigoda, anatazama.

Utaratibu sahihi ni huu. Simamisha kazi kwa adabu. Amkia tena hata kama uliamkia asubuhi. Usitumie neno "kale". Usitumie neno "thamani", maana kabla ya magharibi kijiji kizima kitakuwa na majembe hapo. Pendekeza shimo lihamishwe kwa sababu ya upepo. Harufu itaingia jikoni, shangazi atakuunga mkono. Gharama ya futi nne zilizokwisha kuchimbwa utaibeba wewe, kwa hiyo anza kuulizia mapema fundi anadai ngapi kwa futi, na kama anapokea kwa awamu.